Chamonix hadi Zermatt kwa skii: mwongozaji analipwa kwa lipi?

Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Mei, makundi madogo ya watu huondoka Chamonix nchini Ufaransa na skii zao za kutelezea kwenye theluji, wakielekea mashariki. Mambo yakienda sawa, baada ya siku sita hivi wanateremka Zermatt nchini Uswisi. Watakuwa wamevuka mito kadhaa ya barafu, wamelala usiku baada ya usiku kwenye vibanda vya mlimani, na siku ya mwisho wamekanyaga kidogo ardhi ya Italia bila kumwonyesha mtu yeyote pasipoti. Njia hiyo inaitwa Haute Route. Mambo yasipoenda sawa, na hilo si ajabu hata kidogo, mwongozaji anawageuza siku ya tatu, wanashuka bondeni, wanapanda basi.

Hapo ndipo maneno huanza. Mtu amelipa pesa nyingi, amefanya mazoezi miezi kadhaa, anatazama juu anaona anga safi lisilo na wingu, halafu anaambiwa leo hatuendi. Sasa huyu nimemlipa wa nini? Swali ni la haki, ila jibu lake limetawanyika: lingine limo ndani ya theluji, lingine kwenye ratiba za vibanda, lingine kwenye sheria.

Kwanza skii zenyewe. Ile ambayo wengi tumeiona kwenye televisheni ni ya kushuka tu: lifti inakupandisha, unateremka kwenye njia iliyosawazishwa na mashine, unapandishwa tena. Kwenye Haute Route unapanda kwa miguu yako, skii zikiwa miguuni. Chini ya kila skii unabandika ukanda mrefu unaoitwa ngozi. Zamani ilikuwa ngozi ya sili kwelikweli. Siku hizi hufumwa kwa nailoni au manyoya ya mbuzi wa Angora. Vinyweleo vyake vimelalia nyuma, kwa hiyo skii ikisukumwa mbele inateleza, na ikitaka kurudi vinyweleo vinang'ang'ania theluji. Buti linabanwa mbele tu, kisigino kinainuka kwa kila hatua. Ukifika juu unabandua ngozi, unaikunja gundi kwa gundi, unaitia kifuani ndani ya koti ili gundi isigande, unafunga kisigino, unashuka.

Kundi lenye pumzi nzuri hupanda mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa, na siku moja inaweza kudai mita 1,000 na zaidi. Raha ya kushuka inaweza kuwa ya nusu saa. Kupanda ni saa nne, tano. Na mzigo, kilo nane au kumi, uko mgongoni mwako mwenyewe.

Aliyezoea habari za Kilimanjaro atashangaa hapa. Kule Kibo huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na nyuma yenu kuna wapagazi na mpishi. Kwenye milima hii ya Alpi hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Ukitaka kujiendea peke yako kwenye mto wa barafu wenye nyufa za kummeza mtu mzima, sheria haikuzuii. Mwongozaji unamtafuta kwa hiari yako, naye habebi begi lako wala hakupikii. (Skii, kwa taarifa, ziliwahi kufika Kilimanjaro pia: mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda nazo na kuteremka nazo. Barafu iliyo karibu na kilele bado inaitwa Furtwängler, ingawa inazidi kusinyaa.)

Ikiwa habebi mzigo na sheria haimlazimishi mtu kumchukua, kazi yake ni nini? Kuonyesha njia ni sehemu ndogo sana. Ramani zipo, simu zina GPS, na siku ya hali nzuri nyayo za waliotangulia zinaonekana umbali wa kilomita nzima. Kinacholipiwa ni uamuzi, na hasa ule wa kukataa. Kwa nini uamuzi huo ni mgumu kiasi hicho, theluji yenyewe inaeleza.

Theluji ya mlimani hukaa kwa matabaka. Kila dhoruba inaleta tabaka lake, upepo unahamisha jingine kutoka upande mmoja wa mlima kwenda mwingine, na kati ya dhoruba moja na nyingine baridi kali hubadilisha punje za chini zikawa chembe kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari ya kopo. Juu ya chembe hizo likilala tabaka gumu lililobanwa na upepo, una bamba zima la theluji lililokaa juu ya kitu kisicholishika. Linaweza kutulia hivyo kwa wiki. Kisha mtu mmoja anapita, uzito wake unavunja tabaka dhaifu chini yake, ufa unakimbia pembeni kwa kasi, na bamba lote linaondoka na mtu akiwa juu yake. Ndivyo yanavyotokea maporomoko mengi yanayoua: kwa sehemu kubwa, kama mara tisa katika kumi, aliyeliamsha ni mwathirika mwenyewe au mwenzake wa kundi. Mteremko wenyewe huwa na nyuzi 30 kwenda juu, yaani uleule ambao mpenda skii anauona mtamu.

Tabaka dhaifu halionekani kwa macho, na anga safi halisemi lolote kuhusu kilichoko nusu mita chini ya miguu yako. Siku nzuri baada ya dhoruba ni ya hatari kuliko dhoruba yenyewe, maana wakati wa dhoruba watu wamejifungia ndani.

Uswisi ina taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko Davos, inayojulikana kwa kifupi SLF. Wakati wa majira ya baridi hutoa taarifa ya hatari kila siku saa 11 jioni, na kwa kawaida nyingine saa 2 asubuhi. Taarifa hutumia ngazi tano, ambazo nchi za Ulaya zilikubaliana kuzitumia kwa pamoja mwaka 1993. Ngazi hizi zimepotosha watu wengi. Anayesoma "3" kwenye kipimo cha tano hudhani yuko katikati, mahali pa wastani, panapopitika. Sivyo. Hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa. Kutoka 2 kwenda 3 ni mruko mkubwa, na karibu nusu ya vifo vyote vya maporomoko hutokea siku za ngazi ya 3. Ngazi ya 4 watu wanaogopa, wanabaki chini. Ngazi ya 3 wanakwenda.

Mtu aliyebadilisha namna waongozaji wanavyofikiri kuhusu hili ni Werner Munter, Mswisi na mwongozaji mwenyewe. Kabla yake imani ilikuwa kwamba ukichimba shimo ukachunguza matabaka, theluji itakuambia ukweli. Munter alisema shimo linakuambia habari za shimo. Hatua ishirini pembeni theluji ni nyingine. Badala yake alifundisha kutazama mambo matatu, yaani hali ya theluji na hewa, umbo la mlima, na watu ulio nao, na kuyatazama mara tatu: nyumbani kabla ya kuondoka, ukifika eneo lenyewe, na tena mbele ya kila mteremko. Pia alitoa kanuni ambayo hata mwanafunzi anaikumbuka: ngazi ya 2 usivuke mteremko wa nyuzi 40, ngazi ya 3 usivuke 35, ngazi ya 4 usivuke 30. Wapo waliomkejeli kwamba anageuza mlima kuwa hesabu. Mimi nadhani alifanya kinyume: alikubali kwamba mlima haujulikani wote, akatafuta namna ya kuamua hata hivyo.

Angalia jambo la tatu, watu. Mwongozaji huwapima wateja wake tangu dakika ya kwanza. Nani anakunywa maji, nani anaficha malengelenge kisiginoni, nani hajui kugeuza skii papo hapo kwenye mteremko mkali bila kukaa chini. Ukigeuka polepole, kundi zima linasimama chini ya mteremko ambao saa tano asubuhi jua litakuwa limeulegeza. Uzembe wa mmoja ni muda wa wote, na muda mwezi wa Aprili ndiyo usalama wenyewe.

Theluji ya masika huganda usiku na kulegea mchana. Usiku wenye nyota, joto la theluji hutorokea angani, uso unakuwa mgumu, na asubuhi mnaupita kama sakafu. Usiku wenye mawingu haugandi, hata kama kipimajoto kinasoma karibu na sifuri. Ndiyo maana utamkuta mwongozaji nje ya kibanda saa 10 alfajiri, na ndala miguuni, akichomeka fimbo ya skii kwenye theluji na kuichomoa. Ikigonga, mnakwenda. Ikizama hadi nusu, anarudi ndani na sura nyingine.

Vibanda vyenyewe navyo vinahitaji maelezo. Usifikirie chumba cha mbao chenye vitanda vinne kama vile vya Mandara au Horombo kule Kilimanjaro. Cabane des Vignettes imejengwa ukingoni mwa jabali, mita 3,160 juu ya usawa wa bahari, na inalaza zaidi ya watu mia moja. Vingi ni vya matawi ya Klabu ya Alpi ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1863 na kujenga kibanda chake cha kwanza mwaka uleule. Msimamizi na wasaidizi wake hukaa huko msimu mzima. Chakula huletwa na helikopta, na maji mara nyingi ni theluji iliyoyeyushwa, kwa hiyo kuoga sahau, na chupa ya maji ya kunywa italipiwa kwa bei itakayokufanya uisome mara mbili.

Ukifika unaacha fimbo na shoka la barafu chumba cha chini, unavua buti, unachukua ndala za kibanda kwenye rafu. Ngozi za skii zinaning'inizwa karibu na jiko, na chumba kizima kinanuka soksi na gundi. Godoro lako liko kwenye jukwaa refu, bega kwa bega na watu usiowajua. Blanketi ni la kibanda, shuka la mfuko umekuja nalo. Supu huliwa mapema. Halafu saa 11 ikipita utaona waongozaji wamejikusanya meza yao, kila mmoja na simu, wakiulizana ulipita wapi, daraja la theluji juu ya ule ufa bado lipo, kule nyuma upepo ulikuwaje. Kesho yako inaamuliwa pale, kwa sauti ndogo, na watu ambao kesho kutwa watakuwa wanashindania wateja walewale. Kabla ya kulala mwongozaji anaandika kwenye kitabu cha kibanda kundi linaelekea wapi. Msipofika, waokoaji wanajua pa kuanzia.

Faida ya kibanda ni wazi. Bila hicho ungebeba hema, jiko na chakula cha wiki, na kwa mzigo huo hakuna skii. Kibanda pia kinakulaza juu tayari, ili alfajiri uwe kwenye mto wa barafu badala ya kuwa bado msituni. Lakini kina upande wake wa pili, ambao matangazo ya safari hayausemi. Vitanda vimewekwa kwa tarehe. Leo Cabane des Dix, kesho Vignettes, kesho kutwa Zermatt. Ukikaa siku ya ziada Dix, nafasi yako Vignettes imekwenda, na huenda Dix yenyewe imejaa wageni wa kesho. Ratiba nzima inasukuma watu mbele. Na wakiwa njiani hali ikichafuka, wazo linalomjia kila mtu ni moja: tufike kibandani.

Usiku wa Aprili 29 kuamkia 30, mwaka 2018, watu 14 waliokuwa wakitoka upande wa Dix kwenda Vignettes walinaswa na dhoruba karibu na mlima Pigne d'Arolla. Ukungu na theluji vilifunga kila kitu. Mtu haoni ncha za skii zake, hajui kama amesimama au anateleza. Walilala nje kwenye baridi na upepo. Asubuhi ilionekana kwamba walikuwa mita kama 500 kutoka kibandani. Walikufa 7, akiwemo mwongozaji mmoja.

Mengi yalisemwa baadaye kuhusu nani alipaswa kufanya nini, na sioni haja ya kuyarudia. Kinachonihusu hapa ni mfumo. Dhoruba ilikuwa imetabiriwa. Nyuma kulikuwa na kibanda salama, mbele kulikuwa na kibanda salama, na kati yake kulikuwa na njia inayopanda karibu na kimo cha mita 3,800. Uamuzi uliokuwa na uzito ulikuwa ule wa asubuhi, mezani, chai ikiwa bado ya moto. Baada ya hapo kila saa ilipunguza yaliyobaki kuchaguliwa, mpaka usiku hapakuwa na la kuchagua.

Vifaa havibadilishi hilo. Kila mtu kwenye kundi huvaa kifuani redio ndogo inayotuma mawimbi ya kilohezi 457, na begini ana beleshi na fimbo ndefu ya kukunja ya kutafutia aliyefukiwa. Ni lazima kuwa navyo. Lakini aliyefukiwa ana dakika kumi hadi kumi na tano za kwanza ambazo akitolewa ana nafasi kubwa ya kuishi. Baada ya hapo nafasi inaporomoka haraka, kwa sababu hewa imekwisha. Helikopta ikiitwa bondeni, mara nyingi itafika muda huo umeshapita. Wanaokuokoa ni walio na wewe, na ndiyo sababu siku ya kwanza ya safari, kabla ya kupanda popote, mwongozaji makini huzika redio moja kwenye theluji na kuwataka wateja waitafute huku ameshika saa.

Taaluma yenyewe ilizaliwa kutokana na mambo haya haya. Mwaka 1820 waongozaji watatu wa Chamonix walifukiwa na poromoko kwenye Mont Blanc, katika msafara ambao, kwa simulizi zilizobaki, waongozaji walitaka kugeuka na wageni wakang'ang'ania kuendelea. Mwaka uliofuata iliundwa Compagnie des Guides, chama cha waongozaji wa Chamonix, na moja ya kazi zake ilikuwa mfuko wa kusaidia familia za waliokufa kazini. Haute Route yenyewe ilikuwa njia ya kiangazi ya wapandaji wa Kiingereza wa miaka ya 1860. Kwa skii ilifunguliwa mwaka 1903 na Michel Payot, daktari wa Chamonix, akiwa na waongozaji wa mji wake. Shirikisho la kimataifa la waongozaji liliundwa mwaka 1965, na beji yake ndiyo unayopaswa kuiona kabla ya kutoa pesa. Mafunzo huchukua miaka. Uswisi ina sheria ya shirikisho kuhusu kazi hii, iliyoanza kutumika 2014, na mwongozaji aliyesababisha kifo kwa uzembe anaweza kufikishwa mahakamani kwa kosa la jinai. Kwa hiyo anapokugeuza si woga wala uvivu. Anaweka jina lake, leseni yake na uhuru wake kwenye mizani, na wewe umeweka likizo.

Nionavyo, mteja anayeelewa hili hununua safari kwa namna nyingine. Anasoma mkataba kwanza: karibu yote inampa mwongozaji haki ya kubadili njia au kuikatisha bila kurudisha pesa, na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana mwongozaji anayepoteza malipo kila akikataa atakataa mara chache. Anauliza kundi lina watu wangapi kwa mwongozaji mmoja. Sita wanatosha sana. Anauliza njia gani. Wengi leo hushuka Champex, hupanda teksi hadi Verbier na lifti zake, na kuendelea kutoka pale. Wenye uzoefu hupitia Bourg-Saint-Pierre na Cabane de Valsorey, ambako miteremko ni mikali na hali ya theluji isipokuwa tulivu hakupitiki. Teksi si aibu. Anakata bima ya uokoaji, kwa kuwa upande wa Ufaransa uokoaji wa mlimani haulipiwi, lakini upande wa Uswisi helikopta huleta ankara.

Na tiketi ya ndege ya kurudi asiikate ya jioni ileile anayotarajia kufika Zermatt. Siku ile ya mwisho kutoka Vignettes kuna vipito vitatu vya juu, cha mwisho kikiwa Col de Valpelline, zaidi ya mita 3,500, kisha mteremko mrefu wa barafu ya Stockji wenye nyufa ambao hautaki kupitwa jua likiwa limekaza. Mtu mwenye ndege ya saa 2 usiku atamsumbua mwongozaji wake tangu saa 11 alfajiri. Akiwa na siku moja ya akiba, hali ikikataa watashuka Arolla, watachukua basi hadi Sion, treni hadi Visp na nyingine hadi Zermatt, na jioni watakula kwenye mji uleule.